Nyumba Yenye Magurudumu

Yako mambo ambayo mtu hatambui thamani yake mpaka ayaache nyuma. Mojawapo ni nyumba. Sisemi juu ya kuta na paa, kwa kuwa hivyo kila mwenye macho huviona. Nasema juu ya utumishi wa siri ambao nyumba hututendea usiku na mchana. Hutupa sakafu iliyo sawa ili tusibingirike kitandani. Hutuletea maji na kuyaondoa yakiisha kutumika. Hupitisha hewa katika mianya ya madirisha na ya paa bila ya kuombwa. Tena hutuweka karibu na jirani ambaye akisikia kilio hukimbia kuja kutazama. Utumishi huu hatuulipi mshahara, na kwa hiyo hatuukumbuki. Mimi niliukumbuka siku nilipolala katika nyumba yenye magurudumu, na kukumbuka kwangu kulichelewa hata nusura nimpoteze mama yangu mzazi.

Gari-nyumba ni gari ambalo ndani yake mna kitanda, meko, maji na taa, ili mwenyewe aweze kusafiri na kulala popote panaporuhusiwa. Jambo hili si geni duniani. Mwaka 1885 daktari mmoja mstaafu wa jeshi la majini la Uingereza, jina lake William Gordon Stables, aliundiwa nyumba ya kukokotwa na farasi. Aliiita Wanderer, akazunguka nayo nchi yake, kisha akaandika kitabu juu ya safari hizo. Mwaka 1959 Mmarekani Wally Byam aliongoza msafara wa nyumba 41 za kuvutwa na magari, zenye kung'aa kwa alumini, kutoka Cape Town hata Cairo. Huko Marekani leo yako magari-nyumba makubwa kama mabasi, na anayenunua la kwanza hupewa na wenye maduka orodha ndefu ya vifaa vya kununua. Sisi tulijiandikia orodha yetu wenyewe, na kosa letu lilianzia hapo.

Mjomba wangu ni seremala. Kwa muda wa miaka arobaini aliezeka nyumba za watu, akawafanyia milango na madirisha, naye hakuwahi kwenda mbali kuliko mahali pa kazi yake. Alipostaafu, na watoto wake wakiwa wamekwisha kujitegemea, alitoa akiba yake akanunua matatu kuukuu ya viti kumi na vinne. Siku za matatu hiyo za kupakia abiria zilikuwa zimepita. Jamaa walishangaa, wengine wakacheka. Yeye alijibu kwa upole, akasema, "Nyumba zote nilizojenga zimesimama pale pale nilipoziacha. Sasa nataka kujenga moja itakayokwenda."

Aling'oa viti, akafuta mstari wa manjano, akabadilisha hati za gari kwa kuwa gari la abiria na gari la nyumbani ni vitu viwili mbele ya sheria. Alitengeneza kitanda cha mbao, kabati refu la plaiwudi na meza ya kukunjwa. Usiku wa baridi ulipokumbukwa, tuliziba kila tundu kwa mpira mpya: madirisha, mlango wa pembeni na mlango wa nyuma. Mpira uliisha kabla hatujaufikia mlango wa dereva, nao ukabaki na mpira wake wa zamani uliopasuka. Nilimlaumu mjomba kwa uvivu huo. Kumbuka mlango huu, msomaji, kwa maana nitaurudia.

Jioni moja tuliketi kibarazani kwake kuandika orodha ya vifaa. Nilishika kalamu kwa sababu mimi ni mwalimu, na mjomba aliamini kwamba mtu aliyepitia chuo cha ualimu hawezi kusahau kitu. Tuliandika vitu thelathini na kimoja. Palikuwa na mapazia ya rangi mbili, zulia, vikombe vya udongo sita, televisheni ndogo, redio, chupa za chai, viti vya kukunja, vitambaa vya meza, na saa ya ukutani. Mama, ambaye ni dada mkubwa wa mjomba na alikuwa amealikwa safarini, aliongeza jiko lake la makaa, akisema kwamba chakula cha gesi hakina ladha. Tulipomaliza tuliisoma orodha kwa sauti, tukaona ni njema. Haikuwamo kabari ya kuzuia gurudumu. Hakikuwamo kipimo cha upepo wa matairi. Haikuwamo hata pima maji, ingawa mjomba alikuwa nayo katika sanduku lake la kazi maisha yake yote.

Tulitoka Nairobi asubuhi ya likizo ya Agosti, mwaka 2023. Gari lilipopinda kona liliinama upande wa kushoto, likakawia kuinuka. Mjomba alisema halina neno. "Gari hili lilibeba watu kumi na wanne," alisema, "litashindwaje na kabati?" Hoja hiyo ilinielea wakati ule. Watu kumi na wanne, kila mmoja akiwa na kilo 70, ni kilo 980. Hakika kabati na kitanda havikufika huko. Lakini abiria huketi kushoto na kulia, mbele na nyuma, na uzito wao hukaa chini vitini. Kabati letu lilikuwa limesimama upande mmoja, likagusa dari, na juu yake mama alikuwa amepanga vikombe, masufuria na magunia mawili ya viazi. Uzito si hesabu ya kilo peke yake. Ni pia swali la mahali kilo hizo zinapokaa. Mwanafunzi wa fizikia angetuambia hivyo bure.

Tuliteremka katika Bonde la Ufa, tukapita Naivasha na Gilgil, kisha tukaiacha barabara kuu na kupanda kwa njia ya Ol Kalou mpaka Nyahururu. Mji huo uko mahali pa juu sana, kiasi cha mita 2,300 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Hapo mto Ewaso Narok huanguka kwa kishindo katika poromoko la mita 74 hivi, ambalo hujulikana kwa jina la Joseph Thomson, Mskoti aliyepita huko mwaka 1883. Tulipata uwanja wa kupigia kambi, tukalipa ada, tukaliegesha gari chini ya miti. Mama alisimama akilitazama poromoko kwa muda mrefu bila kusema neno. Nilifurahi kwa ajili yake, kwa maana alikuwa amelisikia katika redio tangu ujana wake, na hakupata kuliona.

Usiku ulipoingia taabu ndogo zilitangulia ile kubwa. Uwanja ulikuwa na mteremko, na kitanda kikawa na mteremko vile vile. Mama alipolala aliteleza hata miguu ikagusa mlango. Tulitafuta mawe gizani tukayaweka chini ya magurudumu kwa kubahatisha. Jiwe moja lilichomoka, gari likarudi nyuma hatua moja, na moyo wangu ukaruka. Tulifanikiwa mwishoni, tukaingia ndani tukitetemeka. Baridi ya Nyahururu katika mwezi wa Agosti haina huruma kwa mtu aliyekulia mahali pa joto. Mama alijikunja chini ya mablanketi mawili, na meno yake yakagongana.

Jiko la makaa lilikuwa nje, makaa yamekwisha kuwa mekundu, moshi umekoma. Mimi ndiye niliyeliingiza. Sikuambiwa na mtu. Nililiweka karibu na kitanda cha mama, nikafunga mlango, nikaona nimetenda tendo la mtoto mwema. Joto lilijaa upesi, kwa kuwa tuliziba kila tundu. Mama aliniombea baraka, akalala.

Sasa sikia aibu yangu. Mimi hufundisha kemia. Muhula ule ule uliotangulia safari nilikuwa nimesimama mbele ya darasa na kufundisha somo la kaboni. Niliandika ubaoni kwamba kaboni ikiungua penye oksijeni ya kutosha hutoa dioksidi ya kaboni, na kwamba ikiungua penye oksijeni haba hutoa monoksidi ya kaboni. Niliandika kwamba gesi hii ya pili haina rangi, haina harufu, wala haina ladha; kwamba hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara mia mbili kuliko oksijeni; na kwamba mtu anayeivuta huumwa na kichwa, hulegea, husinzia, na asipotolewa hufa. Niliwapa wanafunzi jaribio, nao wakajibu vizuri. Lakini elimu hiyo niliiacha ubaoni pamoja na chaki. Niliamini, kama wengi wanavyoamini, kwamba makaa yasiyotoa moshi hayana madhara, ilhali moshi ndio unaotuonya, na hatari yenyewe hubaki baada ya moshi kwisha.

Yapata saa nane za usiku mjomba, ambaye alilala juu ya kiti cha mbele, aliamka ili atoke nje kwa haja. Kichwa kilimwuma. Alifungua mlango wa dereva, akaweka mguu chini, na magoti yakamkana. Kishindo cha kuanguka kwake ndicho kilichoniamsha. Nilihisi kama nyundo inayopiga ndani ya paji la uso wangu, na mikono yangu ilikuwa mizito kama si yangu. Kwa nukta chache nilidhani ni baridi au uchovu. Kisha nikaona makaa yakimetameta gizani, mekundu, mazuri, pasipo moshi hata kidogo, na ubao wangu wa darasani ukanijia mbele ya macho, mstari kwa mstari.

Niliita, "Mama!" Hakuitika. Niliita tena. Nilimshika mabegani nikamvuta sakafuni, nikajikwaa, nikamvuta tena mpaka nje majanini. Alikuwa akipumua, lakini kichwa chake kililegea mkononi mwangu kama kichwa cha mtoto mchanga. Mjomba alitambaa akaja kumsaidia. Baada ya muda ambao sikuweza kuupima mama aliguna, akatapika. Mlinzi wa uwanja alisikia kelele, akampigia simu mwenye teksi, maana kati yetu hapakuwa na aliyefaa kushika usukani. Hospitalini alivishwa kifuniko cha oksijeni, na asubuhi ilipopambazuka alifumbua macho akatutambua. Daktari alituambia kwamba mlango mmoja uliovuja hewa huenda ndio uliomwezesha mjomba kuamka. Ulikuwa ni ule mlango wa dereva, ambao nilimlaumu mjomba kwa kutouziba.

Mchana mama aliomba chai. Alikunywa nusu kikombe, kisha akaniuliza, "Mwanangu, jambo hili la makaa hamkulisoma huko chuoni?"

"Nililisoma, mama," nilijibu. "Tena ninalifundisha."

Alinyamaza akinitazama. Hakuwa na hasira. "Basi," alisema, "sasa umelisoma."

Daktari alimruhusu siku ya pili. Nilidhani tutarudi nyumbani, nami nilikuwa tayari kurudi. Mama alikataa. Alisema kwamba hakutoka kwake ili arudi na hofu peke yake, na kwamba ziwa alilokuwa ameahidiwa hajaliona bado. Lakini jiko lake alimwachia yule mlinzi, akamwapiza kulitumia nje. Mjomba nami tuliitoa ile orodha ya vitu thelathini na kimoja, tukaisoma upya tukiwa tumesimama kando ya gari. Safari hii tulijiuliza swali moja tu kwa kila kitu: je, kitu hiki chafanya kazi gani ambayo nyumba yetu ya nyumbani ilikuwa ikitufanyia? Pazia la pili halikuwa na jibu. Saa ya ukutani haikuwa na jibu. Tulitoa vitu kumi na saba, tukaviweka katika ghala la mlinzi mpaka tutakaporudi.

Kutoka Nyahururu tuliteremka Subukia kuelekea Nakuru. Mteremko ule ni mkali, na gari lilikuwa zito bado. Mjomba alikanyaga breki mfululizo mpaka tukasikia harufu ya kuungua. Tulisimama mahali pa wazi, tukangoja zipoe, kisha tukaendelea kwa gia ya chini, injini yenyewe ikilizuia gari. Ukipata kuendesha gari lolote zito, msomaji, tumia gia unayoweza kupandia mlima ule ule unapouteremka. Ushauri huu ni wa madereva wa malori, nao hawakuusoma kitabuni.

Nakuru tulinunua vitu ambavyo tungalivinunua mwanzo. Cha kwanza kilikuwa king'ora cha monoksidi ya kaboni, kidogo kama kisahani cha kikombe, kinachotumia betri, ambacho hulia hewa inapoanza kuharibika. Tulizunguka maduka mengi kabla ya kukipata. Mjomba alitoboa pia matundu mawili ya hewa yenye wavu, moja chini karibu na sakafu na jingine juu karibu na dari, ili hewa ipite usiku kucha hata madirisha yakifungwa. Nilimshikia ile keekee, na kila alipotoboa niliona kama deni langu linapungua kidogo.

Baada ya hapo tulivuka mstari wa ikweta huko Mogotio, tukashuka Marigat na Kampi ya Samaki, kando ya Ziwa Baringo. Tazama ajabu ya nchi yetu: Nyahururu iko karibu na ikweta, na Baringo vile vile, lakini kule tulitetemeka na huku tulitokwa na jasho, kwa kuwa ziwa liko chini kwa zaidi ya mita elfu moja. Vifaa vilivyofaa kule havikufaa huku. Huku maji yalikuwa mfalme.

Hesabu ya maji ni rahisi, nasi hatukuifanya. Lita moja ni kilo moja. Mtu mmoja mahali pa joto ahitaji lita tatu au zaidi za kunywa kwa siku, na akipika na kunawa kwa uangalifu atatumia kama lita kumi kwa jumla. Watu watatu kwa siku mbili ni lita 60, yaani mitungi mitatu ya lita ishirini, na uzito wa kilo 60. Mitungi hiyo yapasa kukaa chini sakafuni, katikati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, imefungwa kwa kamba. Sisi tulikuwa na mtungi mmoja, uliokwisha jioni ya kwanza, na duka lilikuwa mbali.

Kabla ya kufika ziwani tairi la nyuma lilipata pancha. Lilikuwa limebeba upande wa kabati, na upepo wake ulikuwa haba bila sisi kujua. Tairi lenye upepo haba chini ya mzigo mzito hupindapinda, hupata moto, hata hupasuka. Letu lilituhurumia likavuja tu. Kipimo cha upepo tungaliweza kukitumia kila asubuhi kabla tairi halijapata joto, na kulinganisha na tarakimu zilizoandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Jeki tulikuwa nayo, lakini ilizama mchangani kila tulipoiinua. Mjomba alikata kipande cha ubao kutoka kabatini, akakiweka chini ya jeki, na gari likapanda. Tangu siku hiyo ubao ule haukutoka garini. Wakati huo mimi nilikuwa nimeweka pembetatu zetu mbili za kuakisi nyuma barabarani, mbali ya kutosha dereva mgeni kuziona na kupunguza mwendo.

Ziwani tuliegesha mbali na ukingo. Watu wa Baringo hawasahau mwaka 2020, ziwa lilipofura na kumeza nyumba, hoteli na barabara za kando yake. Tena viboko hutoka majini usiku kula majani, na mamba wako humo. Usiku wa kwanza mama alitazama televisheni mpaka usingizi ulipomchukua, na asubuhi gari halikuwaka. Tulikuwa tumeitumia betri ile ile iwashayo injini. Wavuvi watatu walitusukuma, wakicheka, nasi tukacheka nao kwa kuwa hapakuwa na jingine la kufanya. Hapo tulijifunza kwamba gari-nyumba linataka betri ya pili kwa taa na vyombo, yenye fyuzi karibu yake, ili ile ya injini isiguswe. Nayo ina kipimo. Betri ya kawaida ya volti 12 na saa-ampea 100 haifai kutumiwa zaidi ya nusu. Nusu hiyo ni wati-saa 600. Taa ya wati 10 itawaka kwa saa 60. Televisheni ya wati 60 itaonyesha kwa saa kumi tu. Mtu akijua hesabu hiyo hataiuliza betri kwa nini imemwonea.

Jioni ya mwisho mama aliketi juu ya kiti cha kukunja, akatazama jua likizama nyuma ya vilima vya Tugen, na ndege wengi wakirudi kulala. Aliniambia kwamba amefurahi kuja. Sikuweza kumjibu upesi. Nilikuwa nikifikiri jinsi kiti hicho kingalivyoweza kuwa kitupu.

Basi, msomaji, ukiniuliza leo ni vifaa gani vimpasavyo mtu anayeanza kumiliki nyumba yenye magurudumu, nitakutajia kwa mpango tuliojifunzia taabuni. Kwanza ni hewa: matundu yasiyozibwa, king'ora cha monoksidi ya kaboni karibu na vitanda, na kanuni kwamba makaa hayaingii ndani hata kwa dakika moja. Pili ni moto: kizimamoto karibu na mlango, bomba la gesi lisilopasuka, na maji ya sabuni ya kupaka kwenye viungo vyake, maana mapovu yakitokea gesi inavuja. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo hutuama sakafuni ikingojea cheche. Tatu ni ardhi: kabari za magurudumu, mbao za kusawazishia, na pima maji. Nne ni matairi: kipimo cha upepo, gurudumu la akiba, jeki na ubao wake, spana, na pembetatu mbili. Tano ni maji: mitungi safi ya maji ya kunywa peke yake, na mwingine wenye alama ya kutupia maji machafu, pamoja na ndoo ya choo yenye kifuniko na glavu zake. Hayo husemwa kwa sauti ndogo, lakini asiyeyafikiria huwachafulia wenyeji mto wao. Sita ni umeme: betri ya pili na fyuzi za akiba. Saba ni badala ya jirani: sanduku la huduma ya kwanza, simu yenye chaji, na mtu mmoja nyumbani anayejua utalala wapi kila usiku. Vikombe vya udongo vitafuata, nafasi ikibaki.

Labda utasema kwamba wewe huna gari-nyumba, wala hutarajii kuwa nalo. Nami sina, hilo ni la mjomba. Lakini miaka michache ijayo utapanga chumba kimoja mjini, chenye dirisha dogo, na usiku wa Julai utakuwa wa baridi. Jiko litakuwa nje, makaa mekundu, moshi umekoma. Pengine atakuwapo mtu umpendaye anayetetemeka kwa baridi, na mkono wako utaushika mpini wa jiko kwa wema mtupu, kama nilivyoushika mimi. Wakati huo hutakuwa na mwalimu, wala ubao, wala mjomba wa kuanguka mlangoni. Utakuwa na kile tu ulichokichukua kutoka darasani. Kwa hiyo kichukue sasa, ukikiri kwamba kilikusudiwa kutumiwa.

Mjomba yu safarini hata leo kila apatapo fedha za mafuta, na mama hufuatana naye. Kila usiku kabla ya kulala hubonyeza kitufe cha king'ora ili ajaribu sauti yake. Hulia kwa ukali, na mama husema kutoka chini ya blanketi, "Tumesikia, mwalimu." Jina hilo alikipa yeye mwenyewe, nami sijadiriki kumwuliza kwa nini.